Hummer, Pikipiki ya Umeme na Mzigo Wako wa Kilo Mbili: Piga Hesabu Kabla ya Kununua Chombo

Leo somo ni refu kidogo, vuta kiti, weka chai pembeni.

Siku hizi swali moja linajirudia sana inboksi: "Kaka, nimekusanya hela. Ninunue gari la kupelekea mizigo, au nisubiri hizi za umeme?" Wengine wameona video za pikipiki za umeme za Dar na Kigali. Wengine wameona Noah iliyotumika inauzwa bei ya kuongea, mate yanawatoka. Na nyuma ya swali kuna hela ya kweli: akiba ya miaka miwili, mkopo wa kikoba, shamba la baba lililouzwa. Ukikosea hapo, duka linaweza kufunga.

Jibu langu fupi ni hili: anza na UKUBWA wa chombo, halafu ndo uje kwenye mafuta au umeme. Kampuni kubwa za magari duniani zimelipa hela nyingi sana kujifunza jambo hilo. Sisi wa Kasulu na Kibondo tujifunze bure.

GARI LILILOZIMWA NA BEI YA MAFUTA

Mnaikumbuka Hummer? Lile gari pana kama nyumba, la wasanii kwenye video za zamani. Lilikuwa la General Motors, kampuni ya Marekani. Hummer H2 lilitembea kilometa kama 4 au 5 tu kwa lita moja. Tajiri hakujali, kwa sababu mafuta yalikuwa bei nafuu, na kampuni ilikuwa inavuna faida nene kwenye magari makubwa kuliko kwenye madogo. Kwa hiyo ikaegemea huko huko.

Halafu ikaja 2008. Mafuta ghafi yakapanda mpaka Julai yakapita dola 147 kwa pipa. Watu wakaacha kununua magari makubwa, yakabaki yamepangwa yadi kama nguo za sikukuu baada ya sikukuu. Juni mwaka huo General Motors ikatangaza kufunga viwanda vinne vya magari makubwa vilivyokuwa Marekani, Kanada na Meksiko, na kwamba Hummer inaangaliwa upya, labda iuzwe. Siku hiyo hiyo ikatangaza kuendelea na Chevrolet Volt, gari dogo la kuchaji kwa umeme lenye injini ya petroli ya kuokolea betri ikiisha.

Lakini walikuwa wamechelewa. Juni 1, 2009 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Hummer ikatafutiwa mnunuzi wa China, dili likafa, na 2010 ikafungwa kabisa.

Wenzao Toyota walishatoa Prius mwaka 1997, gari linalochanganya petroli na umeme, wakati mafuta hayajapanda na watu wanacheka. Mafuta yalipopanda wao walikuwa na kitu dukani.

Somo la kwanza kwa muuzaji: kitu kinachokupa faida kubwa leo kwa sababu ya hali fulani, kinaweza kukuangusha hali ikibadilika. Ukijaza duka bidhaa ya aina moja, na njia yako ya kufikisha mzigo ni moja, na inategemea bei ya kitu kimoja, umekaa kama General Motors ya 2008.

HUMMER IKAFUFUKA, NA BADO NI KUBWA

Hapa ndo watu wengi hawajui. Hummer imerudi, na sasa ni ya umeme. Ilionyeshwa Oktoba 2020, na wateja wa kwanza wakaanza kuipokea Desemba 2021.

Lakini angalia uzito. Hummer hiyo ya umeme ina zaidi ya tani 4. Betri yake peke yake inapita tani moja, yaani unabeba kama Probox nzima kabla hujaweka mzigo wowote. Betri hiyo inashika zaidi ya uniti 200 za umeme. Ukiijaza kwa bei ya kawaida ya LUKU, karibu shilingi 357 kwa uniti ukijumlisha kodi na tozo, ni zaidi ya 71,000. Umeme upo, hakuna moshi, na bado unaumia.

Sasa pikipiki ya umeme. Betri za pikipiki nyingi zinashika uniti 3 au 4. Maana yake betri ya Hummer moja ingetosha pikipiki zaidi ya 50. Pikipiki 50 zinaweza kuhudumia wauzaji wote wa mtandaoni wa Kasulu mjini na chenji ikabaki.

Ford nao yamewakuta. Agosti 2024 walifuta mpango wa gari kubwa la familia la umeme lenye safu tatu za viti, kwa sababu betri ya gari kubwa ni ghali mno na hesabu ya faida ilikuwa haitoki. Nguvu wakahamishia kwenye magari madogo ya bei nafuu. Wakati huo BYD ya China, iliyoanza 1995 kwa kutengeneza betri kabla ya kugusa gari, ilishaacha tangu Machi 2022 kutengeneza magari ya petroli pekee.

Kwa hiyo somo la pili: kubadilisha mafuta kwenda umeme hakufuti gharama ya ukubwa. Kubwa ni kubwa tu.

KWETU UMEME UMEINGIA KWA MLANGO WA BODABODA

Ulaya na Marekani umeme ulianza na magari ya matajiri. Kwetu Afrika Mashariki ukiangalia vizuri umeingia kwa mlango wa chini, kwa watu wa kazi.

Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza biashara ya pikipiki za umeme 2019. Dereva betri ikiisha anaingia kituoni, anatoa iliyoisha, anaweka iliyojaa, anaondoka. Rwanda wakaenda mbele zaidi: kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Nairobi, BasiGo ilianza na mabasi ya umeme 2022, ya kwanza yakitoka BYD. Ethiopia Januari 2024 ilitangaza kuzuia kuingiza magari ya petroli na dizeli. Hapa kwetu, Machi 2022 mchoraji katuni Masoud Kipanya alizindua gari dogo la umeme Dar es Salaam, watu wakashangaa: kumbe hata sisi. Na tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar mpaka Dodoma.

Umeona? Aliyekimbilia umeme huku ni dereva anayetembea kilometa nyingi kwa siku na kila lita inamuuma. Weka hiyo akilini, tutairudia kwenye hesabu.

NA HUKU KWETU MILIMANI?

Tuwe wakweli. Miaka michache nyuma mazungumzo haya yangekuwa kichekesho hapa. Kasulu na Kibondo tulikuwa tunapata umeme wa majenereta ya TANESCO yanayokunywa dizeli. Ungenunua pikipiki ya umeme, ungekuwa unaichaji kwa dizeli iliyosafirishwa kutoka bandarini mpaka kwetu. Mwaka 2022 ndo tuliunganishwa na gridi ya taifa. Na gridi yenyewe imeongezewa nguvu na Bwawa la Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo leo swali la umeme ni swali la maana hata kwa mtu wa Kumsenga au Biturana.

Kuna kitu kingine kinachotudanganya. Sisi tumekua tunaona Land Cruiser nyeupe za mashirika zikipishana kwenda Nduta na Nyarugusu. Kichwani mwetu mtu mwenye kazi ya maana ana gari kubwa. Lakini zile gari zina sababu yake: barabara za vijijini wakati wa masika, wafanyakazi, dawa, dharura. Na mafuta yake hayatoki mfukoni kwa dereva. Wewe unauza vitenge na mafuta ya mawese. Kila lita inatoka kwenye faida ya kitenge chako.

HESABU YENYEWE

Sijasomea uhasibu, hii ni hesabu ya form four, lakini inatosha. Tuseme una siku nzuri: mizigo 12, mzunguko wa kilometa 60 mjini na pembeni kidogo, Murubona, Mwilamvya, unapanda Heru Juu, unarudi. Petroli nimeweka 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi. Wewe weka bei ya wilaya yako. EWURA wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Kasulu na Kibondo kila moja ina bei yake kwenye orodha.

Gari kubwa, kilometa 6 kwa lita: lita 10, shilingi 30,000. Kila mzigo 2,500.

Gari dogo, kilometa 12 kwa lita: lita 5, shilingi 15,000. Kila mzigo 1,250.

Pikipiki ya petroli, kilometa 40 kwa lita: lita 1 na nusu, shilingi 4,500. Kila mzigo 375.

Pikipiki ya umeme, tuseme uniti 3 kwa kilometa 60, nimeshaweka ya milima na inayopotea kwenye kuchaji: 1,071. Kila mzigo kama 90.

Angalia kwa makini mahali hela ilipookolewa. Kutoka gari kubwa kwenda pikipiki ya petroli umeokoa 25,500 kwa siku. Kutoka pikipiki ya petroli kwenda ya umeme umeokoa 3,429. Yote ni hela, lakini hela kubwa iko kwenye kupunguza chombo. Ndo maana nimesema anza na ukubwa.

Hiyo 3,429 sio ya kudharau. Kwa siku 26 ni 89,154 kwa mwezi, kwa mwaka zaidi ya milioni 1. Kama pikipiki ya umeme inazidi ya petroli kwa milioni 1, ndani ya mwaka imejilipa. LAKINI hiyo ni kama unatembea kilometa 60 kila siku. Ukitembea 20 tu, unaokoa kama 29,700 kwa mwezi, na milioni hiyo itarudi baada ya karibu miaka mitatu. Hapo betri nayo inazeeka. Umeme unamlipa anayetembea sana. Mwenye mizigo mitatu kwa siku, mlipe bodaboda, lala usingizi.

MTEGO WA UNITI 75

Hili sijaona mtu akilisema, nalisema mimi. Wateja wadogo wa majumbani wanaotumia umeme mpaka uniti 75 kwa mwezi wanalipa bei nafuu, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Wengi wetu tunaouza kutoka nyumbani tuko humo. Sasa ukichaji uniti 3 kwa siku kwa siku 26, ni uniti 78. Kuchaji peke yake kumeshakutoa kwenye bei nafuu, bado taa, feni na friji. Kwa hiyo usipige hesabu ya kuchaji kwa bei ya 100. Piga kwa bei kubwa kama nilivyofanya, na uongeze kwamba umeme wa nyumba nao unaweza kupanda bei. Kama mita mnashea na wapangaji, elewaneni kabla hujaleta pikipiki, sio baada ya ugomvi.

DADA WA KIBONDO NA NOAH

Kuna dada mmoja wa Kibondo anauza vitenge na asali kupitia WhatsApp. Alikuwa na milioni 5 zake, na kikoba kilikuwa tayari kumkopesha 4. Akanipigia: "Mdogo wangu, nimepata Noah. Mwenye nayo anataka jibu wiki hii."

Nikamwambia, "Dada, muombe wiki tatu. Akikataa, gari zipo nyingi. Chukua daftari, andika kila mzigo unaotoka, umeenda wapi, umelipa nini."

Daftari lilirudi hivi. Siku 18 za kazi, mizigo 94. Ya mjini 61, alilipa boda 1,500 kila mmoja: 91,500. Ya Mabamba na Kifura 12, kwa 5,000: 60,000. Ya kupanda basi kwenda Kasulu, Kakonko na Kigoma 21, kwa 3,000: 63,000. Jumla 214,500. Humo humo wateja wenyewe walikuwa wamemlipa nauli ya mzigo 150,000. Kwa hiyo kilichomtoka yeye ni 64,500 kwa wiki tatu.

Sasa weka Noah ya kilometa 10 kwa lita. Kibondo kwenda Kasulu ni zaidi ya kilometa 100, kwenda na kurudi zaidi ya 200. Lita 20 na ushee, shilingi 60,000 na zaidi. Safari MOJA ya Noah inamaliza hela iliyosafirisha mizigo 21 kwa basi. Bado bima, tairi, fundi na rejesho la kikoba kila wiki.

Akakaa kimya, halafu akacheka: "Kumbe gari nalitaka mimi, biashara wala haijaliomba."

Na pikipiki ya umeme? Tuliipigia hesabu pia. Kwa mizigo yake mitano kwa siku, kilometa zake ni chache, haijilipi kwa sasa. Alichofanya: mkopo hakuuchukua. Akaongeza mzigo dukani kwa hela yake, akakubaliana na boda mmoja anayemuamini bei ya jumla ya mizigo ya asubuhi, badala ya kuita boda mpya kila oda. Mizigo ikifika 12 kwa siku tutafungua daftari tena.

UKIONA HESABU YAKO INAKUBALI, ULIZA HAYA

1. Inachajiwa wapi? Nyingi zinategemea vituo vya kubadilisha betri, na vituo vinafuata miji mikubwa. Kwa Kasulu na Kibondo tafuta inayochaji kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani.

2. Betri ni yako au ya kukodi? Ukiambiwa bei ya chini mno, uliza betri iko ndani ya bei hiyo? Na ikifa, mpya ni shilingi ngapi? Andika jibu.

3. Inatembea kilometa ngapi ukiwa na mzigo? Namba ya kwenye tangazo ni ya tambarare na mtu mmoja mwembamba. Milima yetu inakula betri. Omba kujaribu kupanda nayo ukiwa umebeba.

4. Fundi na spea viko wapi? Kama jibu ni Dar, hesabu siku ambazo pikipiki italala.

5. Umeme ukikatika? Chaji usiku, usisubiri iishe kabisa, na uwe na namba ya boda wa petroli wa akiba. Mteja hajali kama TANESCO wamekata.

6. Karatasi. Kadi, namba, bima, leseni yako. Umeme haufuti trafiki.

Na gawa safari. Njia ndefu, Kasulu kwenda Kibondo, mpe basi. Hakuna betri moja ya pikipiki ya kawaida itakayokufikisha huko na mzigo. Mitaani ndo pikipiki. Ukichanganya hivyo viwili vizuri, hata bila kumiliki chombo chochote, unaweza kumwambia mteja wa Kakonko "kesho unapata" na ikawa kweli.

KAZI YA WIKI HII

Chukua daftari. Kila mzigo andika: umeenda wapi, uzito kwa kukadiria, umelipa nini, mteja amelipa nini. Usiandike kwa kukumbuka jioni, andika ukikabidhi. Baada ya wiki mbili gawanya jumla kwa idadi ya mizigo. Hiyo namba ndo itakuambia kama unahitaji gari, pikipiki ya petroli, ya umeme, au boda wa kuaminika na salamu nzuri kwa konda wa basi.

General Motors walikuwa na wahasibu kila ghorofa, na bado magari makubwa yaliwabakia yadi. Wewe una daftari la mia tano na akiba ya miaka miwili. Litumie daftari kabla ya kugusa akiba.

Ukishapata namba yako, iandike hapo chini na mji wako: mzigo mmoja unakugharimu shilingi ngapi? Tulinganishe Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe. Na kama kuna mtu huku kwetu tayari anatumia pikipiki ya umeme kwa mizigo, njoo utuambie ukweli wake, mlima kwa mlima. Tuma na kwa yule rafiki yako ambaye wiki hii anaenda kuangalia Noah.